Ukungu Tunao Wetu

Mtu anayekuletea kitabu kinene namna ile, ama anakupenda sana ama hajakifungua. Wangu alikuwa yote mawili. Alikuwa gadi wa treni, kijana wa upande wa ziwa, magharibi kabisa, na kazi yake ilimpitisha Voi akiteremka Mombasa na akipanda tena kurudi Nairobi. Abiria wa daraja la kwanza walikuwa na tabia ya kusahau vitu vitandani: miwani, soksi, siku moja meno ya bandia, na vitabu. Vitabu visivyofuatwa na wenyewe vilirundikana ofisini mpaka mkubwa wao akachoka navyo, akawaambia wafanyakazi wajichukulie. Mwenzangu alichagua kile kikubwa kuliko vyote.

"Nilitaka ukae nacho muda mrefu," aliniambia.

Nilikaa nacho.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa opareta wa simu pale Voi. Wakati huo ukitaka kuongea na mtu wa Mombasa ulipitia kwetu kwanza, nasi tukachomeka waya tunduni, tukakuambia ongea. Huyo gadi nilimjua sauti kabla ya sura. Alikuwa akipiga kuulizia treni zilizochelewa, na treni zikaanza kuchelewa mara nyingi kuliko kawaida. Nilipomwona hatimaye, amesimama kaunta na bendera zake kwapani, niliona kwamba sauti haikunidanganya, na mambo mengine yakafuata.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, hadithi ya mapenzi ya zamani huko Ulaya, enzi za mishumaa na magari ya farasi. Juu ya jalada palikuwa na picha ya mwanamume ambaye shati lake halikuwa limebakiza kifungo hata kimoja, amemshika mwanamke aliyelegea kinyumenyume kama anayebatizwa mtoni. Ukiona jalada hilo unafikiri ukifungua tu utaungua vidole. Ukifungua unakuta ukungu. Ukungu juu ya kilima, ukungu bondeni, ukungu kwenye madirisha ya jumba la bwana mkubwa mmoja, kisha maelezo ya madirisha yenyewe, kisha ya mapazia. Nilijaribu kukisoma Voi jioni, baada ya zamu, jasho likinitiririka mgongoni na vumbi jekundu likiingia chini ya mlango. Kila nikifika kwenye mapazia nalala. Nilianza kumshuku yule abiria wa daraja la kwanza. Labda hakukisahau.

Sasa nieleze shida yangu, maana kitabu hiki kisingefika popote bila hiyo shida.

Pasaka ya mwaka huo nilikuwa nimepanda nyumbani Mwanda, juu milimani, na kumwambia Mama kwamba kuna mtu. Mama akamwambia Baba. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kabla ya hapo alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge huko chini, ambako aliwasimamia watu wengi waliotoka magharibi. Mama alipomaliza kumweleza, Baba alifunga vifungo vya koti hadi shingoni, akasema, "Sina hasira."

Mgeni angefurahi kusikia hivyo. Sisi tulijua tumekwisha.

Kwetu Wadawida, hasira ya mzazi si jambo la kununa tu. Hasira ikifichwa moyoni humtoka mwenyewe bila ruhusa yake, ikaenda kumdhuru aliyekasirikiwa: mtoto anaugua, mimba inaharibika, ng'ombe anakauka maziwa. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira hutia kinywani funda la maji, au la pombe ya miwa, akalipuliza nje huku akitamka kwamba kama kuna hasira ndani yake, basi na itoke. Ikishatoka, watu wanakula na mambo yanaendelea. Lakini ni lazima kwanza mwenyewe akubali kwamba anayo.

Na hapo ndipo Baba alipojifungia kwa ndani. Kama mzee wa kanisa alikuwa amesamehe watu wote, kwa hiyo hasira hangeweza kuwa nayo. Tena desturi yenyewe ya kutasa alikuwa ameikemea mbele ya kanisa zima, akaiita mambo ya giza, hadi wazee wengine wakakoma kumwalika kwao. Akikubali ana hasira, itabidi aitoe, na njia ya kuitoa ameshaitukana. Basi akabaki anasema hana, uso wake ukiwa umekunjamana tangu asubuhi hadi jioni.

Ningeweza kufunga ndoa ofisini kwa DC. Wasichana wa rika langu walifanya hivyo na wakapiga picha. Lakini mimi niliogopa. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, nilijua kuunganisha Voi na Nairobi kwa kidole kimoja, na bado niliogopa. Sikutaka kuzaa mtoto juu ya hasira ya baba yangu. Nilimwambia gadi wangu angoje, naye akasema atangoja, lakini nilimsikia kwenye simu akilisema neno hilo kwa uchovu zaidi kila wiki.

Kila nilipopata wikendi isiyo na zamu nilipanda Mwanda nikitumaini Baba amelegea. Hakuwa amelegea. Hakuwa hata akinisemesha. Alipitishia maneno kwa Mama, nami nimekaa pale pale mkabala naye.

"Mama watoto, muulize mgeni kama ataongezewa kimanga."

"Mgeni unaongezewa?"

"Mwambie Baba nimeshiba."

"Ameshiba."

"Nimesikia," alisema Baba, kwa hasira ambayo hakuwa nayo.

Jumapili moja baada ya kanisa, kimya cha nyumba hiyo kikanishinda. Nje mvua ya rasharasha, huwezi kwenda popote. Mama alikuwa barazani akisuka kikapu, na mdogo wake, mama mdogo wangu, aliyekaa boma la jirani, alikuwa amekuja na chake. Nikatoa kitabu mkobani, nipate pa kuficha uso. Mama mdogo akaliona jalada kwanza.

"Huyu mwanamume ameibiwa?"

Mama alikichukua kitabu, akakitazama, akaingia ndani. Alirudi na kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita, akakifunika vizuri kama tulivyofunikiwa vitabu vya shule, kona zimekunjwa, na picha iliyobaki juu ni ya Mchungaji Mwema amebeba mwanakondoo. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyepita alinisifu kwa kupenda neno la Mungu.

"Sasa tusomee," Mama alisema.

Nikaanza kutafsiri, nikikitoa kwenye Kiingereza na kukitia kwenye Kidawida, nikaona ukungu ule unavyokuwa mzito zaidi ukiubeba kwa lugha mbili. Nikaeleza kilima kilivyofunikwa asubuhi. Nikaeleza kilivyofunikwa adhuhuri. Mama akainua macho akatazama mlima Vuria, ambao hatukuwa tumeuona tangu Ijumaa kwa ukungu.

"Ukungu tunao wetu," akasema. "Ruka."

Nikaruka. Nikaangukia ukoo wa bwana mkubwa: babu yake alivyokuwa, baba ya babu yake alivyokuwa, nani alipewa ardhi na mfalme gani. Hapo Mama alisikiliza kwa heshima, maana ukoo ni ukoo, ila alitaka kujua anachopanda. Nikasema hapandi kitu, wapo watu wa kumlimia. Tukafika kwa binti. Binti alikuwa na nywele nyekundu, na katika sura mbili nzima hakufanya jambo lingine ila kutazama nje ya dirisha.

"Hana kazi?" Mama akauliza.

"Ana watumishi."

"Basi ndiyo maana kitabu hakiendi."

Mama mdogo alikuwa ameshalala, uzi wa mkonge ungali umemzunguka kidole.

Ningekiacha hapo. Nilikuwa tayari kumwambia gadi wangu kwamba kimeliwa na mchwa. Ni Mama aliyekataa. Alikuwa mwanamke ambaye hajawahi kuacha kikapu kwenye kitako, hata kama kimeanza upande, na hakuona kwa nini kitabu kipewe nafasi ambayo kikapu hakipewi. Wikendi iliyofuata akaniuliza kitabu kiko wapi. Iliyofuata tena, akauliza. Tukasoma mapazia. Tukasoma chakula cha jioni cha wageni wanane, kila mmoja na nguo zake. Muda wote huo Baba alikuwa sebuleni na mlango wazi, ameinama kwenye redio yake, na mara kwa mara alikohoa kikohozi cha mtu anayesumbuliwa akisikiliza habari.

Kisha, mle kitabuni, akaja mtu wa mifereji.

Alikuja kwa miguu kutoka kusini, viatu vimejaa matope. Bwana mkubwa alikuwa amemwita kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa imezama katika kinamasi, na mifereji aliyochimba babu yake ilikuwa inajaza maji badala ya kuyatoa. Yule kijana hata hakuomba chai. Alitembea shamba lote, akarudi, akamwambia bwana mkubwa mbele ya wageni kwamba babu yake alichimba mfereji kinyume cha mteremko.

"Mteremko ulikuwa umeelekea wapi?"

Sauti hiyo ilitoka sebuleni. Mama aliacha kusuka. Mimi nilibaki na kidole kwenye mstari, sijui kama nimeulizwa mimi au Mama. Lakini Mama hajui Kiingereza, na Baba alijua hajui.

"Wanasema maji yalikuwa yanaelekea lango la mashariki," nikajibu.

"Na mfereji?"

"Nao mashariki."

"Sasa kosa liko wapi?"

Nikatafuta. Mwandishi wa kitabu hicho, aliyetupa kurasa nzima za mapazia, kuhusu mfereji alikuwa ameandika mistari michache tu, na ilionekana wazi hajawahi kushika jembe. Baba hakuridhika. Nikasikia kiti kinaburutwa, akatokea barazani nacho, akakiweka karibu nami.

"Rudia hapo kwa mfereji. Polepole."

Mama alimtazama. "Na habari je? Zimeisha?"

"Zimeisha."

"Redio hiyo haina betri tangu Pasaka," Mama akasema, akaendelea kusuka.

Mtu asiyejua milima yetu atashangaa. Lakini kwetu maji ya shamba yanatoka mbali kwa mifereji, inayopinda kilima kwa kilima, na kila mfereji una wazee wake na zamu zake na kesi zake. Baba mwenyewe alikuwa mzee wa mfereji wetu kabla hajawa mzee wa kanisa, na kazi aliyoipenda zaidi ni hiyo ya kwanza. Mapenzi hayakumvuta, wala shati lisilo na vifungo. Kilichomvuta ni mtu aliyethubutu kumwambia tajiri kwamba babu yake hakujua maji.

Tangu hapo kitabu kikageuka. Sijui kama ni kitabu au ni sisi, lakini kila sura ilikuwa na jambo. Binti wa nywele nyekundu alitoka dirishani hatimaye, akashuka kinamasini kuona kazi, akatumbukia topeni hadi magotini, na mtu wa mifereji akamvuta bila kuomba radhi. Mama mdogo hakulala tena. Alikuja hata siku ambazo mimi sipo, akimsumbua Mama amkumbushe tulipoachia. Baba alichora ule mfereji kwa fimbo uani, akaukosoa, akaufuta, akauchora tena. Wiki moja akaupeleka kwenye mkutano wa wazee wa mfereji, akawaambia kuna Mzungu mmoja mtaalamu anashauri maji yagawanywe juu zaidi. Wakayagawanya juu zaidi. Kabeji za mama mdogo zikaelea.

"Ulitafsiri vibaya," Baba aliniambia wikendi iliyofuata, kabla hata sijaweka mkoba chini.

Sikubishana. Kuanzia Pasaka sikuwa nimepata hata lawama kutoka kwake, na hiyo niliipokea kwa mikono miwili.

Shida ilianza yule kijana na binti walipoanza kukutana kwenye tuta jioni. Mwandishi, ambaye kwa mifereji alikuwa na haraka, hapa alitulia sana. Nami nimekaa kati ya mama yangu na baba yangu, Mchungaji Mwema akiwatazama kutoka jaladani. Palipokuwa na busu nilisema, "wakasalimiana." Palipokuwa na busu refu nilisema, "wakasalimiana kwa muda." Baba alivumilia, hadi ikafika sura ambayo haikuwa na kitu kingine.

"Hawa watu wanasalimiana sana," akasema. "Kazi inafanywa saa ngapi?"

Mama mdogo akaficha uso kwenye kikapu.

Kisha kijana akaenda kwa bwana mkubwa kumwomba binti. Alikwenda na viatu safi kwa mara ya kwanza kitabuni. Bwana mkubwa akamfukuza. Alisema kwao hakujulikani, watu wake hawajulikani, na mtu wa matope arudi matopeni. Nilitafsiri hayo bila kuinua macho, kwa sababu baadhi ya maneno hayo nilikuwa nimeyasikia karibu, wakati wa Pasaka, kupitia ukuta.

Baba alisimama kabisa.

"Mjinga huyo. Amekaushiwa shamba lote. Mtu anayejua maji hanyimwi msichana."

Mama alikuwa anahesabu nyuzi na aliendelea kuzihesabu. Ni mama mdogo, ambaye Mungu hakumpa breki, aliyefungua mdomo.

"Na anayejua treni, shemeji?"

Baba akamgeukia taratibu. "Treni ina reli," akasema. "Hata ikishikwa na mjinga itafika. Tena gadi hashiki chochote. Anapunga bendera."

Akachukua kiti chake, akaingia ndani, na huo ukawa mwisho wa kusoma siku hiyo.

Nililia jikoni, nasema kweli. Nilikuwa nimeona mlango umefunguka kidogo halafu nikasikia unafungwa. Mama alinikuta pale, akapuliza moto kwanza, kwa kuwa kwake moto hutangulia machozi.

"Usimsukume," akaniambia. "Wala usimwambie mdogo wangu amsukume. Wacha huyo Mzungu wa kitabu amsukume."

Wiki hiyo, Voi, nilifanya kazi vibaya. Niliunganisha mwenye duka na hospitali, na hospitali na mwenye duka, wakaongea muda mrefu kabla ya kugundua. Gadi wangu alipiga kutoka Mombasa akauliza nimefika wapi na kitabu. Nikamwambia bwana mkubwa amekataa.

"Yupi?" akauliza.

"Wote wawili," nikasema.

Jumapili iliyofuata nilidhani tutakuwa wanawake peke yetu. Lakini nilipofungua kitabu kiti cha Baba kilikuwa kimeshafika barazani, na Baba juu yake, koti limefungwa hadi shingoni.

"Tuone huyo mzee atafikia wapi," akasema.

Mzee alikuwa amefikia kitandani. Baridi ilikuwa imemwingia kifuani. Binti yake alikuwa ameondoka usiku wa mvua kwenda kuolewa bila baraka, sasa ameitwa arudi haraka kwa kuwa daktari amekata tamaa. Alipanda ngazi, nguo zimelowa, akapiga magoti miguuni pa kitanda. Alikuwa na mimba. Akamwita baba yake. Bwana mkubwa alimtazama, kisha akageuza uso ukutani.

"Ngoja," Baba akasema.

Nikangoja.

"Amegeuka ukutani, na msichana ana mimba?"

"Ndiyo, Baba."

"Na yuko karibu kufa?"

"Daktari amesema hivyo."

Alisimama, akaketi, akasimama tena. Sijawahi kumwona hivyo hata kwenye misiba ya kweli. "Huyo mtu hawezi kufa hivyo. Atamwachia mtoto wa watu maradhi. Hakuna mzee hapo ndani wa kumwambia?"

"Shemeji, ni kitabu," mama mdogo akasema.

"Kitabu kina watu. Na wa kusimama kama baba yake ni nani hapa, kama si mimi? Kuna mwanamume mwingine kwenye hii baraza?" Akatazama huku na huku. "Lazima mtu amtolee hiyo hasira."

Mama alikuwa ameshaingia ndani. Alirudi na kikombe cha maji, na hakumpa mara moja.

"Mzee, wewe ni mzee wa kanisa," akamwambia, kwa sauti ya chini.

"Huyu bwana si mshirika wa kanisa letu," Baba akajibu. "Nipe."

Akampa.

Baba alivua kofia. Akatia funda kinywani, akatuelekea mimi na kitabu, akalipuliza. Maji yakanipata usoni, yakalowesha ukurasa, yakamlowesha Mchungaji Mwema na mwanakondoo wake. Alizungumza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto wangu, sauti ya wazee wa zamani, haina haraka.

"Kama kuna hasira moyoni mwangu juu ya huyu mwanangu, na itoke. Iteremke na maji haya mpaka nyikani, ipotelee huko."

Hiyo ilikuwa ya bwana mkubwa, na ilimtosha. Tulidhani amemaliza. Baba akatia funda la pili, akalipuliza.

"Hasira yangu ni kwamba unakwenda mbali, Mama."

Mimi nina jina la mamake. Tangu nizaliwe aliniita Mama, na tangu Pasaka sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake.

"Unakwenda kule ziwani. Nikiugua, nani atakuambia? Utapanda treni, utalala njiani, na ukifika utakuta wameshanifukia. Nawe ukifa watakuzika kule, kwenye udongo nisioujua. Niliwaona watu wale kwenye mkonge, wakipata habari ya msiba wa kwao, wanakaa chini tu kwa sababu ni mbali. Hiyo ndiyo hasira yangu. Kijana sijamwona na ubaya. Na itoke. Itoke yote."

Katika kitabu kile hapakuwa na ziwa. Hapakuwa na treni wala mkonge, na binti wa nywele nyekundu alikuwa ameolewa ng'ambo ya bonde, ambako moshi wa nyumba ya baba yake ulionekana. Mama mdogo alifungua mdomo ili aseme hivyo. Mama akamwekea mkono gotini.

Funda la tatu alilipuliza juu, likatuangukia wote kama manyunyu. "Kaa vizuri huko uendako. Uzae. Na yule anayekuchukua awe mzima."

Kisha akavaa kofia, akaketi, akajifuta mdomo kwa mkono wa koti. Mimi nilikuwa nalia wazi wazi, sina hata pa kufichia uso, maana kitabu kilikuwa kinachuruzika.

"Haya, soma," akasema. "Tuone kama mzee atageuka."

Kurasa zilikuwa zimegandana. Nikazibandua taratibu na kutafsiri nilichoweza. Mama alinikonyeza nimgeuze yule mzee, ni maneno mawili tu, nani angejua. Lakini hayakunitoka. Nikasoma kama ilivyoandikwa: bwana mkubwa alikufa kabla ya jioni, uso ukutani, na binti yake bado amepiga magoti.

Baba alisikiliza hadi mwisho wa sura. Akaangalia uani, pale alipokuwa akichora mifereji yake.

"Hakuwa na mtu wa kumshikia kikombe," akasema. Akamrudishia Mama kikombe chake, akanigeukia mimi, akauliza treni ya yule kijana hufika Voi saa ngapi.